Mwezi ishirini, Mfungo Tatu

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na daftari alilolitunza ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, pamoja na hati ya nyumba na kipande cha udi. Ni daftari la shule, jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha lililofifia. Ndani yake mna majina ya marehemu. Ameyaandika kwa wino wa buluu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa katika chuo cha Qurani wasichana wa enzi yake, jina moja kila mstari, na ubavuni mwa kila jina siku na mwezi. Mwaka haumo. Fulani bin Fulani, mwezi tano, yaani siku ya tano, Rajabu. Fulani binti Fulani, mwezi kumi na saba, Mfungo Sita.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zilizopewa namba badala ya majina. Siku ya jina ilipokaribia, bibi alimtuma mtoto kwa mwalimu wa chuo kumpa habari. Siku yenyewe, baada ya Alasiri, majamvi yanatandikwa ukumbini mpaka barazani, chetezo kinapitishwa, na kisanduku cha juzuu kinafunguliwa. Kwa asiyewahi kukaa kwenye hitima: Qurani imegawanywa vijitabu 30, kila msomaji anapokea kimoja, wote wanasoma kwa wakati mmoja kila mtu na chake, na kwa muda wa kama saa moja msahafu mzima umekwisha. Mtu peke yake ingemchukua mchana kutwa. Baada yake dua, na ndani ya dua jina linatajwa. Halafu kahawa na halua, na mwaka wa neema, pilau.

Mimi nilikuwa uani na wanawake. Kazi yangu kupeleka mabirika na kurudisha vikombe, na kwa kuwa mtoto mwenye birika hana anayemwangalia, niliyasikia majina yote.

Mstari mmoja wa daftari lile hauko kama mingine. Ni wa baba yake bibi. Jina lake sitaliandika hapa, linatajwa nyumbani. Siku yake ni mwezi ishirini, Mfungo Tatu, na mbele ya jina bibi ameongeza maneno mawili kwa mwandiko uleule: *na wenziwe*. Mwalimu alipofika pale katika dua alisoma vivyo hivyo, fulani bin fulani na wenziwe, na barazani ikaitikiwa amini.

Niliuliza, nikiwa na miaka tisa au kumi, wenziwe ni kina nani. Bibi akanijibu kwamba ni wale aliofuatana nao. Alikuwa na umri wa miaka miwili baba yake alipoondoka. Yeye mwenyewe hakumbuki lolote, alihadithiwa na mama yake: mwaka wa nyuki, bunduki zimeshanyamaza mjini, wakaja askari shambani kwao wakakusanya vijana wenye nguvu wa kubeba mizigo. Akafungiwa mzigo kichwani, akaenda. Haikurudi habari, haikurudi nguo, wala kaburi halijulikani liko wapi kati ya hapa na huko vita vilikoishia. Mama yake bibi alingoja. Ilipopita miaka na wazee wakasema huyu sasa tumwombee, likazuka swali la siku: arobaini ihesabiwe kutoka lini? Mtu asiyejulikana alikufa lini utamfanyia hitima mwezi gani? Wakakubaliana kushika siku ya mwisho aliyoonekana. Siku aliyoondoka ikawa ndiyo siku yake.

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo ya nini maana ya kukumbuka kwa tarehe, na ninaposoma hotuba za maadhimisho huwa narudi palepale, kwa mjane aliyekaa na wazee kutafuta siku ya kumshikia mumewe.

Kwa wasomaji wa bara, nieleze kidogo miezi hii. Pwani yetu ilihesabu miezi ya Kiislamu kuanzia Ramadhani inapokwisha. Mwezi wa kwanza baada ya kufungua ni Mfungo Mosi, ambao kwa Kiarabu ni Shawwal, na kuendelea mpaka Mfungo Tisa. Halafu Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Mfungo Tatu ni mwezi wa Hija, wenye Idi Kubwa. Mfungo Sita ni mwezi wa maulidi. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, siku ya marehemu haikai mahali pamoja. Inatembea. Katika miaka 33 hivi inakuwa imezunguka majira yote. Mwaka 1990 hitima ya baba yake bibi iliangukia Julai, kipupwe, wanawake wamejifunika kanga mbili mbili uani. Mwaka 2007 ilikuwa mwisho wa Desemba, joto la kaskazi, na maembe yamejaa kwenye sinia pamoja na halua. Wakati huo bibi mwenyewe alikuwa ameshaingia katika daftari, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa shangazi yangu.

Nilipokuwa mtu mzima nilitaka kujua kama siku ile ya mjane ilikuwa kweli. Vita vyenyewe vimeandikwa sana. Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya kivita ya Kiingereza, HMS Fox, ilifika mbele ya bandari ya Tanga na kapteni wake akatoa onyo kwa Wajerumani. Nyuma yake palikuwa na msafara wa meli zenye askari karibu 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Wakashukia upande wa Raskazone. Onyo lile na mwendo wao wa taratibu vilimpa Paul von Lettow-Vorbeck nafasi ya kuteremsha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, kwa reli hii hii inayoanzia kwetu. Alikuwa na watu kama 1,000 tu. Tarehe 4 walipigana mashambani na mpaka ndani ya mji, nyuki wakachokozwa kwenye mizinga yao wakawauma wa huku na wa kule, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakaacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000.

Nikachukua jedwali la kubadilisha tarehe. Mwaka wa nyuki ni 1914, sawa na 1332 wa Hijria. Mwezi ishirini Mfungo Tatu, 1332. Nikashuka na kidole: tarehe 9 Novemba 1914, na kwa mwandamo yaweza kupungua au kuzidi siku moja. Siku nne baada ya meli kuondoka. Jeshi limeshinda, limepata bunduki na risasi lisizokuwa nazo, na sasa linataka vichwa vya kuzibebea.

Nilikaa na lile jedwali mkononi muda mrefu. Mjane asiyejua neno Novemba aliishika siku kwa mwezi wa angani, akamkabidhi mtoto wa miaka miwili, mtoto akaiandika kwenye daftari la shule, na ilipopimwa na vitabu vya majenerali ikakaa sawasawa. Nilienda kumwambia shangazi. Akasema, "Kwani wewe ulidhani tunabuni?"

Mwaka 2014 mambo yalikuja kukutana kwa namna iliyonifundisha. Dunia ilikuwa inaadhimisha miaka 100 tangu vita vile vianze, na Novemba ya mwaka ule ilikuwa karne kamili ya mapigano ya Tanga. Hitima yetu ilikuwa imekwishafanyika, katikati ya Oktoba. Nilipohesabu kwa kalenda ya bibi, ile haikuwa mara ya 100 kwa siku hiyo kurudi. Ilikuwa mara ya 103, kwa sababu miaka 100 ya jua ni miaka 103 ya mwezi. Tukio moja, mji mmoja, na mizunguko miwili ya kulirudia isiyokutana. Tangu hapo ninapoona bango la "miaka 50" au "miaka 100" najikumbusha kwamba ukubwa wa namba hiyo unatokana na aina ya kalenda na vidole vyetu kumi. Siku hairudi yenyewe. Sisi ndio tunaoirudisha, na kila watu wanairudisha kwa njia waliyorithi.

Njia yetu nayo ina asili yake. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar aliletewa hati iliyotaja Shaabani, akauliza: Shaabani ipi, hii tuliyo nayo au inayokuja? Dola ilikuwa imepanuka, barua zinakwenda na kurudi, na miezi ilikuwa na majina lakini miaka haikuwa na hesabu moja. Wakakaa masahaba kushauriana, ilikuwa kama mwaka 638. Yakatajwa mambo ya kuanzia hesabu: kuzaliwa kwa Mtume, kupewa kwake utume, kufariki kwake. Wakachagua Hijra, mwaka 622, kuhama kutoka Makka kwenda Madina. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilishtuka, maana lile daftari la bibi lina Shaabani zisizo na mwaka, kama ile hati, na siku iliyo kubwa kuliko zote ndani yake ni ya mtu kuondoka.

Maulidi yenyewe hayakuanza enzi za masahaba. Sherehe za kuzaliwa kwa Mtume zinajulikana kwa watawala wa Kifatimi kule Misri, karne nyingi baadaye, na mwanzoni mwa karne ya 13 mtawala wa Irbil, katika Iraki ya leo, alikuwa akizifanya kwa fahari ya kuvuta wageni kutoka mbali. Barzanji, kitabu cha maulidi tunachokisoma Tanga, ni cha karne ya 18. Ndugu zetu wanaosema kwamba maulidi na hauli, yaani kumbukumbu ya marehemu ya kila mwaka, havina asili wanashikilia hapo, na sitaki kuwadharau, wamo hata katika ukoo wangu na siku ya hitima hawaji. Wakati mwingine wanakuja baadaye wakala halua. Ninachokiona mimi katika habari hii ni jambo lingine: waliomwona Mtume kwa macho hawakuhitaji siku ya kumkumbuka. Siku ilitafutwa na waliokuja nyuma, walioogopa kwamba umbali utawanyang'anya.

Na ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Wafaransa walilivamia gereza la Bastille tarehe 14 Julai 1789, na siku hiyo ikafanywa sikukuu ya taifa mwaka 1880, waliokuwepo wameshakwisha kufa. Hesabu ya miaka ya Kristo tunayoitumia ofisini ilipangwa na mtawa Dionysius Exiguus mnamo 525. Neno jubilei, ambalo Bagamoyo walilisikia sana mwaka 2018 Kanisa lilipotimiza miaka 150 tangu misheni ianzishwe pale 1868, linatoka katika neno la Kiebrania la pembe la kondoo dume lililopulizwa kuutangaza mwaka wa 50, watumwa waachwe huru na ardhi irudi kwa wenyewe. Sisi wa pwani pembe hatukuhitaji kufundishwa, tulikuwa na siwa. Lakini zingatia kilichokuwa ndani ya ule mwaka wa 50: pembe lilikuwa tangazo la kazi. Madeni yanafutwa, mtu anarudishiwa shamba lake. Na Bagamoyo, ambako misheni ile ilianza kwa kuwakomboa watoto waliouzwa utumwani, neno hilo lilikuwa na uzito wake.

Ipo desturi moja niijuayo ambayo waliokuwemo ndani ya msiba hawakungoja wajukuu, nayo ilianzia Afrika. Tarehe 14 Mei 1918, vita bado vinaendelea, meya wa Cape Town, Harry Hands, ambaye mwanawe alikuwa amekufa vitani mwezi uliotangulia, aliamuru mji mzima usimame mzinga wa saa sita mchana ukipigwa. Tramu zilisimama, watu walisimama, dakika tatu, baadaye zikawa mbili, kila siku kwa mwaka mzima. Percy FitzPatrick, aliyepoteza mtoto wake pia, akapeleka habari London, na tarehe 11 Novemba 1919 Mfalme George V akaifanya desturi ya dola nzima. Leo tukisimama dakika moja uwanja wa Mkwakwani kabla ya mpira, tunashika uzi uliosokotwa na baba wawili waliofiwa kule kusini.

Ila katika kimya kile, nani alikuwa anakumbukwa? Hapa ndipo roho inaponiuma. Kule Dar es Salaam, kwenye sanamu ya Askari ya mwaka 1927, wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la Kariakoo limetokana na kambi yao, Carrier Corps. Sehemu ya miili yao imepewa heshima, na soko limepewa jina la kikosi, lakini watu wenyewe hawamo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakiitumikia dola ya Uingereza, na pengine mpaka 350,000, hawakuandikwa majina yao kwenye ukumbusho wowote, wengine hata hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Makaburi ya vita tunayo hapa Tanga, yamefagiliwa, nyasi zimekatwa vizuri. Baba yake bibi hayumo katika hesabu ile ya 350,000, maana alichukuliwa na upande wa pili, wa Wajerumani.

Kwa hiyo bibi alipoandika "na wenziwe" alikuwa anafanya kazi ambayo dola mbili hazikuifanya. Hakuwa na majina yao. Alijua tu kwamba baba yake hakwenda peke yake.

Upande wa taifa letu, najua wengi wanachoka na sherehe. Mwaka 2015 gwaride la tarehe 9 Desemba lilifutwa, watu wakaambiwa washike mafagio, na fedha zikapelekwa kwenye barabara Dar es Salaam. Kuna waliokasirika. Mimi nilifagia na wenzangu mpaka mfereji wa barabara yetu ukaonekana chini, na moyoni nilikuwa nimetulia, kwa sababu hata kaburi husafishwa kwanza ndipo dua isomwe. Kinachonitisha mimi ni mambo kama Sabasaba. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, saba ya mwezi wa saba, na siku ikaitwa kwa namba zake. Mwulize kijana wa leo Sabasaba ni nini. Atakutajia maonyesho ya biashara, bei za majiko na msongamano wa Barabara ya Kilwa. Siku ipo, mapumziko yapo, jina linatajwa na watu mamilioni, na kilichokuwa ndani kimetoka bila mtu kukisikia kikitoka. Shuleni nilifundishwa tarehe kama jedwali lile la nyuma ya daftari, tano mara tano, Sabasaba, tisa Desemba. Nilizijua zote na sikuwa na mtu ndani ya hata moja.

Sasa tazama Desemba yetu ya Tanga. Tarehe 9 kuna bendera. Siku sita baadaye, tarehe 15, hakuna kitu. Na tarehe 15 Desemba 1889 ndiyo siku Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi, hapo Pangani, kama kilomita 50 kutoka sebuleni kwangu.

Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Unguja ilikuja kupandisha bendera yake. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski. Ilikuwa majira ya Idi Kubwa, na wanahistoria wameandika jinsi watu wake walivyoingia msikitini na mbwa. Pwani ikawaka kutoka Tanga kwenda kusini. Abushiri, mwenye shamba la miwa Pangani, akawa kiongozi wa upande huu; Bwana Heri akashika Saadani. Waliopigana walikuwa Waarabu, Waswahili, Wazigua, watu wa mashamba na watu wa misafara, kila mmoja na kisa chake, na sitasema wote walikuwa malaika: wapo miongoni mwao walioogopa biashara ya watumwa kufa. Nalitaja kwa kuwa hitima haimsomewi mtu kwa kuwa alikuwa msafi. Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, na vita vikaishia kwenye kamba. Zelewski hakukaa sana. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walimmaliza yeye na kikosi chake kule Lugalo, na jina la Lugalo leo liko kwenye kambi ya jeshi letu Dar es Salaam. Songea nao wanaishika tarehe 27 Februari kwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa 1906, na ni pale Songea, Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha. Msamaha unajua pa kufikia panapokuwa na watu wamekaa mahali pao wakisubiri na majina mkononi.

Pangani ina kata inayoitwa Bushiri. Jina hilo linaandikwa kwenye fomu kila siku. Tarehe yake ndiyo isiyo na mwenyewe.

Basi mwaka jana nilimwambia shangazi twende tukamsomee. Akauliza kwanza kama tuna udugu naye. Nikasema hatuna. Akafikiri, akauliza kwa nini nishike Desemba na siyo mwezi wake. Nikamwambia nimehesabu, kwa mwezi ni Mfungo Saba, karibu ishirini na moja, lakini nataka iwe siku sita baada ya bendera, watu wakiwa bado wanalikumbuka neno uhuru. "Dua haina kalenda, mwanangu," akasema, akaenda kuteremsha kisanduku cha juzuu.

Tulikipakata ndani ya basi kwa zamu, mimi, yeye na mpwa wangu wa darasa la sita. Njia ya Pangani ina mashimo yake na kisanduku kina uzito wake. Tulifikia kwa jamaa zetu karibu na mto, mahali ambapo ukikaa barazani unakiona kivuko kikienda Bweni na kurudi, kimejaa baiskeli na matenga. Wenyeji walikuwa wamekwishatandika. Mwalimu wa chuo alikuja na vijana watatu. Kwetu tulikuwa wanawake watatu, ukumbini, mlango uko wazi. Jumla saba.

Watu saba, juzuu 30. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Ngamiani tulizoea wasomaji kuzidi juzuu, watoto wakipewa kusoma wawili wawili kitabu kimoja. Mwalimu akavigawa: kila mtu vinne, vikabaki viwili. Shangazi akanyosha mkono akachukua kimoja, mimi nikachukua cha mwisho. Tukaanza jua likiwa juu. Baada ya juzuu ya pili koo langu lilikuwa kavu, ya tatu nikawa naisikia sauti ya shangazi imeshuka mpaka mnong'ono, lakini kidole chake hakikusimama. Mpwa wangu alikuwa akituletea maji na kuvirudisha kisandukuni vilivyokwisha. Kivuko kilivuka na kurudi sijui mara ngapi. Kijana mmoja mpita njia alisimama akauliza nani amefariki, akaambiwa, akavua viatu akapokea juzuu mojawapo ya za mwalimu, akaisoma yote, akaaga.

Tulikhitimu karibu na Magharibi. Ubani ukawekwa. Mwalimu akainua mikono, kisha akageuka kuelekea mlangoni na kuuliza jina la marehemu kwa ukamilifu.

"Abushiri bin Salim," nikasema.

Akangoja, kwa desturi, kama kuna mwingine wa kuongezwa. Kutoka ndani shangazi akajibu kwa sauti iliyokauka kwa kusoma:

"Na wenziwe."